Mashine ya kahawa ya kuchuja nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa ndugu, majirani na watu wanaoniletea mashine zao wakiwa wameshakata tamaa. Yanahusu ile mashine ya kawaida yenye tangi la maji nyuma, kikapu cha karatasi juu na jagi la kioo chini. Nikianza na jambo moja kabla ya yote: nyingi kati ya mashine nilizoletewa kama zimekufa zilikuwa hazijafa. Zilikuwa zimeziba chokaa, na mwenye nyumba alikuwa karibu kuzitupa. Usitupe mashine kabla hujasoma swali la 9.

## Mambo ya msingi

1. Mashine hii inafanyaje kazi? Ina pampu ndani?

Haina pampu. Ukilielewa hilo, nusu ya matatizo utayatatua mwenyewe.

Maji hushuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake, hupita kwenye vali ndogo inayoyaruhusu kwenda upande mmoja tu, kisha huingia kwenye bomba jembamba la alumini lililoshikamana na hita. Hita hiyo imepinda kama herufi U na imelala chini ya sahani ya moto. Ikipata moto, maji yaliyomo bombani huchemka, na mapovu ya mvuke huyasukuma maji juu hadi kwenye tundu za kunyunyizia. Yakijaribu kurudi nyuma, vali huyafungia njia. Ndiyo maana mashine hukoroma, na ndiyo maana hukoroma zaidi tangi linapokaribia kuisha.

Hita hiyo hiyo moja ndiyo inayopasha sahani ya moto. Kwa hiyo ukigusa sahani ukaikuta moto lakini maji hayapandi, hita ni nzima. Tatizo liko kwenye njia ya maji.

2. Mashine ni mpya na kahawa ya kwanza imenuka plastiki. Ni mbovu?

Hapana. Pitisha matangi mawili au matatu ya maji matupu, bila kahawa, ukimwaga kila mara. Harufu ikibaki, pitisha tangi moja la asidi ya sitriki kama ilivyoelezwa kwenye swali la 9, kisha suuza.

3. Niweke kahawa kiasi gani? Mbona mashine ya vikombe 10 haitoshi watu wanane?

Kwa sababu kikombe cha mashine si kikombe chako. Alama zilizochorwa kwenye jagi huhesabu mililita 125 hadi 150 kwa kikombe, wakati kikombe kikubwa cha chai cha nyumbani kinabeba 250 au hata 300. Mashine ya vikombe 10 itakupa lita moja na robo, au moja na nusu ukibahatika. Hizo ni vikombe vitano vya kweli.

Kipimo kizuri cha kuanzia ni gramu 55 hadi 60 za kahawa kwa lita moja ya maji. Kama huna mizani, kijiko kikubwa cha chakula kilichosawazishwa hubeba gramu 5 au 6 hivi, basi hesabu vijiko kumi kwa lita. Arabika ya Kilimanjaro au ya Mbinga inakaa vizuri kwenye kipimo hicho. Robusta ya Kagera ina uchungu zaidi na kafeini inayokaribia mara mbili, kwa hiyo anza na gramu 50 kisha upande kidogo kidogo.

4. Kahawa ninayonunua sokoni imesagwa laini kama unga. Inafaa?

Hiyo imesagwa kwa ajili ya kahawa chungu ya kwenye dele, ambako unga unachemka na kuzama chini wenyewe. Kwenye mashine ya kuchuja, unga laini namna hiyo huziba vitundu vya karatasi, maji hujaa kikapuni, na kinachofuata ni mafuriko ya swali la 15. Mwambie msagaji akusagie chembe zinazokaribia za sukari: ukizisugua kati ya vidole uzihisi zinakwaruza.

Kama unayo tayari ile laini na hutaki kuitupa, itumie nusu tangi kwa wakati mmoja, au ichemshe kwenye sufuria na tangawizi kama ilivyokusudiwa. Kahawa ya papo hapo kama Africafé haina kazi kwenye kikapu. Huyeyuka na kupita yote.

5. Karatasi za kuchujia zimekwisha. Nitumie nini?

Karatasi za kufutia jikoni huchanika zikilowa maji ya moto, na machicha yote huishia kwenye jagi. Karatasi za chooni usizifikirie kabisa. Kitambaa cheupe cha pamba, kilichofumwa kwa kubana na kisichotiwa rangi, kinafaa vizuri sana. Kata mduara, uchemshe kwanza ili utoke dawa za kiwandani, ulaze kikapuni. Baada ya kutumia, suuza kwa maji matupu bila sabuni na ukianike juani. Kikianza kunuka, chemsha tena.

Karatasi yenyewe ilianza kwa dharura kama hiyo. Mwaka 1908, mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, alichukua karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la shule la mwanawe, akaiweka kwenye kopo alilolitoboa matundu.

Kichujio cha wavu wa chuma kinadumu miaka, lakini hupitisha mafuta ya kahawa na vumbi laini. Karatasi huzuia sehemu kubwa ya mafuta hayo, ambayo kwa mnywaji wa kila siku yanaweza kupandisha kolesteroli. Aliyeshauriwa na daktari kupunguza kolesteroli abaki na karatasi.

6. Nitumie maji gani?

Maji baridi, safi ya kunywa, yenye chokaa kidogo iwezekanavyo. Maji ndiyo yanayoamua umri wa mashine kuliko jina la kampuni lililoandikwa kwenye boksi.

Ukitaka kujua maji yako, angalia ndani ya birika lako. Ukiona magamba meupe, au sabuni inakataa kutoa povu, una maji magumu. Anayetumia kisima Unguja, ambako maji yanapita kwenye mwamba wa matumbawe, analijua hili bila kuambiwa. Visima vingi vya ukanda wa Pwani ni hivyo hivyo. Nairobi, maji ya bomba yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini, na mashine zake hukaa muda mrefu bila kuziba.

Dawa ya bure iko jikoni kwako tayari. Nyumba nyingi huchemsha maji ya kunywa. Maji yakichemka, sehemu kubwa ya chokaa hugeuka kuwa magamba na kushuka chini. Yaache yapoe kabisa, mimina ya juu taratibu, na kile cheupe cha chini ukiache sufuriani. Hapo umeiokoa mashine nusu ya kazi.

Maji ya chumvi usiyatumie hata kidogo, kwa sababu hula alumini, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kile kichujio cha mkaa kinachokuja na baadhi ya mashine huondoa harufu ya klorini, hakiondoi chokaa. Na kwa walio sehemu za Arusha na Meru zenye floridi nyingi kwenye maji: mashine haiiondoi floridi, na kuchemsha pia hakuiondoi.

## Usafi na chokaa

7. Kila siku nisafishe nini?

Machicha yatoke siku hiyo hiyo. Kikapu, jagi na mfuniko wake vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kidogo, hasa kile kizibo kidogo chini ya kikapu kinachozuia matone ukiondoa jagi. Mafuta ya kahawa hujificha hapo, huchacha, na ndiyo ladha ya mafuta ya zamani unayoisikia kwenye kahawa mpya. Kisha acha mfuniko wa tangi wazi pakauke. Maji yaliyolala tangini yamwagwe asubuhi.

8. Nitajuaje kuwa chokaa imejaa?

Mashine itakuambia kabla haijagoma. Jagi lililokuwa linajaa kwa dakika nane sasa linachukua kumi na tano. Mkoromo umekuwa mkubwa. Mvuke unatoka mwingi kuliko zamani huku maji yakitoka kwa kutapika: kidogo, kimya, kidogo tena. Maji yanabaki tangini baada ya mashine kumaliza. Ukiona mawili kati ya hayo, usingoje la tatu.

9. Naitoaje chokaa?

Kwa asidi. Chokaa ya kwenye mashine ni ile ile ya ganda la yai. Ukidondoshea tone la siki kwenye gamba lililotoka kwenye birika utaliona likitoa povu na kuyeyuka. Asidi mbili zinapatikana kila mahali: asidi ya sitriki, ile inayouzwa kwa jina la ndimu ya unga, na siki nyeupe. Mimi nachagua ndimu ya unga. Haina harufu, inasuuzika haraka, na haiachi kahawa ya wiki nzima ikinuka achari.

Toa karatasi, machicha, na kichujio cha mkaa kama kipo. Yeyusha vijiko vikubwa viwili vya ndimu ya unga, gramu 25 hadi 30 hivi, kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu. Koroga hadi usione chembe. Mimina tangini, weka jagi mahali pake, washa. Kikombe kimoja au viwili vikishapita, zima. Sasa iache nusu saa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanapitisha yote kwa mkupuo, dakika nane, kisha wanasema dawa haifanyi kazi. Asidi inahitaji muda wa kukaa ndani ya bomba na kula.

Baada ya nusu saa washa tena, acha kikombe kingine kipite, zima dakika kumi na tano, kisha malizia. Angalia kilichotoka kwenye jagi. Kama kuna vipande vyeupe kama maganda ya yai yaliyosagika, au maji yametoka na rangi ya maziwa, rudia na mchanganyiko mpya. Mashine moja niliyoletewa kutoka nyumba yenye kisima ilihitaji awamu nne. Awamu ya tatu ilitoa kipande kirefu kama ukucha wa kidole gumba, na hapo maji yakaanza kupanda kama ya mashine mpya. Mwenyewe alikuwa ameshaulizia bei ya nyingine.

Ukimaliza, pitisha matangi mawili au matatu ya maji matupu. Onja ya mwisho. Ikiwa na uchachu, ongeza moja.

Kwa siki, changanya sehemu moja ya siki na sehemu moja ya maji, au moja kwa mbili kama chokaa ni kidogo. Fuata hatua hizo hizo, ila suuza matangi manne na ufungue madirisha.

Usiiache asidi yoyote ilale ndani usiku kucha. Bomba ni la alumini, na asidi ikishamaliza chokaa huanza kuigusa alumini yenyewe. Saa moja kwa awamu inatosha.

10. Nifanye hivyo kila baada ya muda gani?

Kwa maji magumu ya kisima, kila mwezi kama unapika kahawa kila siku. Kwa maji ya bomba ya kawaida, kila miezi miwili au mitatu. Kwa maji laini, mara mbili kwa mwaka. Taa ya kukumbusha, kwa mashine zenye nayo, mara nyingi huhesabu mizunguko tu. Haiyajui maji yako. Macho na masikio yako ni bora zaidi (swali la 8).

11. Naweza kutumia jiki? Bikaboneti ya soda? Ndimu mbichi?

Jiki hapana. Na jiki pamoja na siki au ndimu ni hatari kwa maisha: vikikutana hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Hata kama uliitia jiki jana na leo unataka kutia siki, suuza kwanza matangi kadhaa.

Bikaboneti haitoi chokaa. Inafaa kwa kusugulia jagi na kikapu, si kupitishwa kwenye bomba, ambako unga usioyeyuka unaweza kuongeza kuziba. Ndimu mbichi ina asidi inayohitajika lakini inakuja na nyama na sukari zake. Ukikwama kweli, ichuje kwa kitambaa, utumie, usuuze sana.

12. Jagi limekuwa la kahawia na halitoki kwa sabuni.

Kijiko kimoja cha bikaboneti, maji ya moto kidogo, liache robo saa, sugua kwa sponji laini. Wenye mikono isiyoingia jagini watie mchele mbichi na maji kidogo, wazungushe. Steelwool isiingie humo: hukwaruza kioo, na jagi lililokwaruzwa hupasuka siku isiyotarajiwa.

## Mashine inapogoma

13. Haiwaki kabisa. Nianzie wapi?

Anzia ukutani. Swichi ya soketi imewashwa? Chomeka chaji ya simu hapo hapo uone. Kisha fungua plagi ya pini tatu utoe fyuzi iliyomo ndani, uijaribu kwenye plagi ya kifaa kingine kinachofanya kazi. Fyuzi ikiwa imekufa, nunua nyingine ya aina hiyo. Usiizungushie karatasi ya pakiti ya sigara wala waya. Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla nyumba haijaungua.

Soketi na fyuzi zikiwa sawa, kinachofuata ni ndani ya mashine: soma swali la 19.

14. Taa inawaka, sahani ina moto, lakini maji hayapandi.

Hita ni nzima (swali la 1). Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, hewa. Kama mashine ilikaa muda bila maji, hewa inaweza kunasa kwenye bomba. Zima, chomoa, acha ipoe, jaza tangi, kisha itikise taratibu kushoto na kulia. Mapovu yakipanda kutoka tundu la chini ya tangi, umefaulu.

Pili, vali. Ukiona mapovu yanarudi tangini na maji ya tangi yanapata joto, vali imekwama wazi na maji moto yanarudi yalikotoka. Mara nyingi ni chembe ya chokaa au ya kahawa iliyokaa kwenye kigololi chake. Mashine ikiwa imepoa na imechomolewa, mwaga maji, pulizia hewa kwa nguvu kwenye tundu la chini ya tangi kwa mrija.

Tatu, chokaa: swali la 9. Kama bomba limeziba kiasi kwamba hata asidi haipiti, washa dakika moja, zima dakika kumi, washa tena, mara tano au sita. Asidi yenye joto hupenya polepole.

15. Kahawa inafurika kikapuni na machicha yanatapakaa mezani.

Karibu kila mara sababu ni moja kati ya hizi: kahawa laini mno (swali la 4), kahawa nyingi kuliko kikapu kinavyobeba, karatasi iliyojikunja na kuziba tundu, au jagi halijasukumwa hadi mwisho. Mfuniko wa jagi ndio unaokisukuma kile kizibo cha matone kifunguke, kwa hiyo jagi bila mfuniko, au lenye mfuniko wa mashine nyingine, huleta mafuriko hata kama kila kitu kingine ni sawa. Karatasi ya koni ikunjwe ule mshono wake wa pembeni na wa chini kabla ya kuwekwa, itakaa vizuri.

Ikianza kufurika, zima na usifungue kikapu. Ngoja kishuke. Maji yale yanakaribia kuchemka.

16. Inachukua muda mrefu sana siku hizi.

Kama ni kila siku, ni chokaa. Kama ni jioni tu, angalia umeme wa mtaa. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, nguvu ya hita hushuka hadi asilimia 61 hivi: mashine ya wati 900 inafanya kazi kama ya wati 550. Maji hupanda kwa shida, hukaa na kahawa muda mrefu, na kikombe hutoka kichungu. Hapo usilaumu mashine. Pika mapema asubuhi.

17. Kuna maji chini ya mashine.

Futa, jaza tangi bila kuwasha, weka karatasi kavu chini, subiri nusu saa. Karatasi ikilowa, tangi limepasuka au mpira wa chini umelegea. Ikibaki kavu lakini ikalowa ukiwasha, mpira unaounganisha bomba la hita umechoka kwa joto. Mpira huo ni wa silikoni, fundi anaubadilisha kwa muda mfupi, ila uwe wa kustahimili joto na wa kugusana na chakula. Mpira wa kawaida utatoa harufu na kuyeyuka. Usiendelee kutumia mashine inayovuja chini, kwani waya za umeme ziko hapo hapo.

18. Kuna mashapo kwenye kikombe.

Karatasi imeanguka upande mmoja au ni ndogo kuliko kikapu. Ilowanishe kwa maji kidogo kabla ya kutia kahawa, itashika kuta. Kama unatumia wavu wa chuma, mashapo kidogo ni kawaida yake.

19. Fundi anasema ndani kuna kitu kimekatika na ataunganisha waya moja kwa moja. Nimruhusu?

Usimruhusu, hata akikuambia amefanya hivyo kwa watu mia.

Kitu hicho ni fyuzi ya joto. Mara nyingi ziko mbili, zimefichwa ndani ya soksi nyeupe inayostahimili moto, zimelala juu ya hita. Themostati, yaani kidhibiti joto cha mashine, ikishindwa kazi, au mashine ikiwaka bila maji, fyuzi hizi hukata umeme na hazirudi tena. Ni mlinzi wa mwisho. Fundi akiziruka, mashine itawaka na utafurahi, mpaka siku themostati itakaponasa na hita ikaendelea kupanda joto bila kitu cha kuizuia, juu ya meza yako ya mbao, wewe ukiwa umelala.

Nimewahi kurudishiwa mashine iliyofanyiwa hivyo na fundi wa mtaani. Kitako cha plastiki kilikuwa kimeyeyuka na kushikana na kitambaa cha meza. Watoto walikuwa chumba cha pili.

Fyuzi ya joto ni spea ya bei ndogo. Mwambie fundi aweke yenye kiwango kile kile cha nyuzijoto na ampea kilichoandikwa kwenye ile ya zamani, na aibane kwa koleo badala ya kuilehemu, maana joto la kulehemu linaiua papo hapo. Asiyejua hilo si fundi wa kazi hii.

## Ladha

20. Kahawa ina ladha ya kuungua.

Ilipikwa saa ngapi? Kahawa iliyokaa kwenye sahani ya moto zaidi ya nusu saa inaendelea kupikwa na kukauka, na hakuna sukari itakayoificha. Kila nyumba huku kwetu ina chupa ya chai. Isuuze kwa maji moto, mimina kahawa humo mara tu inapomaliza kuchuruzika, zima mashine. Itabaki njema saa tatu au nne, na umeme hautaliwa. Kupika tangi moja kwa mashine ya wati 900 ni kama dakika nane. Uniti moja inatosha mara nane hivi. Kinachokula uniti ni sahani inayoachwa ikiwaka asubuhi nzima.

Tenga tu chupa moja kwa ajili ya kahawa. Chai ya maziwa na kahawa hazipatani ndani ya chupa moja.

Kama kahawa imepikwa sasa hivi na bado ni chungu, angalia usagaji (swali la 4) na usafi (swali la 7).

21. Kahawa ni nyepesi kama maji ya kusuuzia. Je, ni kwa sababu niko Nairobi?

Kwanza pima (swali la 3), kisha angalia usagaji: chembe kubwa mno hupitisha maji kabla hayajachukua kitu. Mwinuko una sehemu yake, ila ndogo. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, na yakifika kikapuni yamepoa kidogo zaidi. Ongeza gramu tano kwa lita au saga laini kidogo, utamaliza tofauti hiyo.

## Hali za pekee

22. Nimeletewa mashine kutoka Marekani. Nibadilishe plagi tu?

Ukibadilisha plagi tu, utaiunguza mara ya kwanza. Imetengenezwa kwa volti 120. Volti zikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne: hita ya wati 900 itavuta wati 3,600 kwa muda mfupi, kisha kwisha. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme, ya wati 1,500 kwa mashine kama hiyo. Ni nzito na bei yake inaweza kukaribia mashine nyingine. Ushauri wangu ni mwambie ndugu akuletee kahawa au viatu, mashine nunua huku. Iliyotoka Oman au Dubai haina shida, kwani umeme na plagi ni kama vyetu. Ya Ulaya inahitaji kubadilishiwa pini tu.

23. Umeme umekatika katikati ya kupika.

Chomoa plagi hapo hapo. Swichi ya kawaida ya kubonyeza hubaki imewashwa, na umeme ukirudi saa nane usiku mashine itawaka yenyewe, pengine bila maji. Umeme ukirudi baada ya dakika chache, chomeka uendelee. Ukichelewa zaidi ya robo saa, tupa machicha uanze upya.

24. Naweza kutia tangawizi, iliki au maziwa?

Viungo viende kikapuni pamoja na kahawa, kamwe si tangini. Iliki iliyopondwa punje tatu nne kwa lita inapendeza. Tangawizi ya unga iwe kidogo, kwa kuwa huziba karatasi. Iliyokaushwa na kupondwa ni bora. Kikapu kitabaki na harufu, kisugue kwa bikaboneti.

Maziwa tangini ni mwisho wa mashine. Huganda na kuungua ndani ya bomba usiloweza kulifikia, yanachacha, na asidi ya swali la 9 haiyatoi. Chemsha maziwa pembeni.

25. Nimekuta mende ndani.

Wanafuata joto na unyevu wa chini ya kitako. Usipulizie dawa ya wadudu ndani ya kitu unachonywea. Chomoa, peleka nje, fungua kitako kwa bisibisi, piga brashi kavu, kisha pitisha asidi na maji matupu mara tatu. Dawa ya kunasia iwekwe nyuma ya kabati, mbali na mashine. Ukifuta meza kila usiku na kuacha tangi tupu, hawatarudi kwa haraka.

26. Nasafiri miezi miwili. Niiacheje?

Kavu. Pitisha tangi la maji, mwaga, ipindue ili matone ya mwisho yatoke, iache wazi siku nzima kisha uifunike kwa kitambaa, si plastiki. Kwenye unyevu wa Pwani ukungu huota ndani ya wiki mbili. Ukirudi ukaukuta, osha vinavyotoka kwa maji moto na sabuni, pitisha siki, suuza sana.

27. Nahakikishaje kwamba hita imekufa kweli?

Kwa mita ya kupimia umeme, mashine ikiwa imechomolewa na imepoa. Hita ya wati 900 kwa volti 230 inapaswa kusoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 59 hivi kati ya ncha zake mbili. Ikisoma karibu hapo, hita ni nzima na mkosaji ni fyuzi ya joto, themostati au swichi. Ikionyesha hakuna njia kabisa, imekatika, na kwa mashine za bei ya kawaida hita mpya haipatikani kwa bei inayoeleweka.

Hata hapo, kikapu usikitupe. Toa kile kizibo cha matone, kiweke juu ya mdomo wa chupa ya chai, tia karatasi na kahawa kwa kipimo kile kile, kisha mimina maji ya birika taratibu kwa mkono, ukizungusha.